Gauti na tiba ya Kihindi (Ayurveda): niliyoyaona Ahmedabad, na pakiti iliyonivimbisha uso Dar

Mtu wa Ziwa (mleta uzi):

Wakuu, habari za jioni. Uzi huu nauahirisha tangu mwaka jana. Kila wiki humu anaibuka mtu na swali lile lile: "Gauti inanitesa, nasikia dawa za Kihindi zinaponya kabisa, nani ana uzoefu?" Majibu huwa mawili. Mmoja anabandika namba ya kuuzia unga, mwingine anasema tiba asili zote ni utapeli. Mimi nimekaa pande zote mbili za ubishi huo, tena kwa mguu wangu mwenyewe. Vuteni viti, ni ndefu.

Nilikuwa naishi Mwanza. Asubuhi supu ya makongoro, hasa kama jana yake tulikaa. Mchana wali na dagaa, jioni nyama choma na bia tatu ambazo kwa kawaida zilikuwa tano. Kazi ya kukaa. Usiku mmoja wa 2017, mnamo saa nane, dole gumba la mguu wa kushoto likaniamsha. Lilikuwa jekundu, linang'aa kama nyanya iliyoiva, limejaa hadi mikunjo ya ngozi imepotea. Mke wangu akageuka kitandani, shuka ikapita juu ya dole. Nilipiga yowe jirani akawasha taa. Tangu siku hiyo nalala na mguu nje ya shuka hata kukiwa na baridi, ni mazoea ambayo yamegoma kuondoka.

Nikapewa diklofenaki, siku tano nikawa mzima, nikasahau. Ndivyo jongo lilivyo. (Vijana, gauti ina jina la Kiswahili la siku nyingi, jongo. Waulizeni wazee wa pwani.) Linakuacha hata mwaka mzima, unasema uliteguka tu.

2019 nilimsindikiza mama Ahmedabad, jimbo la Gujarat, kufanyiwa upasuaji wa moyo. Safari ndefu, maji sikunywa, hofu tele. Siku ya tatu mguu ukawaka, safari hii dole na kifundo. Pale nyumba ya wageni alikuwa anakuja mzee mmoja wa Kigujarati aliyezaliwa Mwanza, akaondoka miaka ya sabini, na Kiswahili chake bado kizima, cha ziwani kabisa. Aliposikia nachechemea akasema, "Wewe kijana, hiyo si kuteguka. Twende kwa vaidya wangu." Nilikuwa na miaka 44, ila kwake ni kijana.

Vaidya ndiye tabibu wa Ayurveda. Na tuwekane sawa: huyu hakuwa mtu wa tunguri. Kule kuna shahada ya miaka mitano na nusu, mwaka wa mwisho ukiwa wa mazoezi hospitalini, na tangu 2014 serikali ya India ina wizara nzima ya mambo hayo, inaitwa AYUSH. Akanishika mshipa wa mkono kwa vidole vitatu, akatazama ulimi, kisha maswali. Unalala mchana? Unakesha? Choo kinatoka vizuri? Chumvi je, achari, pombe? Halafu akauliza, unapanda nini kwenda kazini?

"Bodaboda," nikasema.

Mzee akatafsiri, vaidya akacheka. Akasema vitabu vyao vinataja farasi, ngamia na tembo, bodaboda bado haijaingia.

Hapo ndipo nilipoanza kusikiliza kwa makini. Akafungua Charaka Samhita, kitabu kikongwe cha tiba yao, sehemu ya matibabu, sura ya 29. Sura nzima ni ya ugonjwa mmoja tu, Vatarakta. Vata ni upepo, rakta ni damu. Maelezo yao ni haya: vyakula vya chumvi nyingi, vichachu, vikali, vya mafuta, nyama za viumbe wa majini na wa madimbwini, maziwa ya mgando, juisi ya muwa na pombe huichafua damu. Kukaa bila kushughulisha mwili, kulala mchana na kukesha usiku, na huko kurushwarushwa juu ya mnyama, huuchafua upepo na kuushusha miguuni. Damu chafu inauzibia upepo njia, upepo unakwama kwenye viungo, ndiyo yale maumivu.

Sasa weka pembeni hiyo "upepo" kama huiamini, angalia orodha. Pombe imo, nyama imo, samaki wamo, juisi ya muwa imo, mwili laini usiofanya kazi umo. Moja ya majina ya ugonjwa huo katika kitabu hicho ni Adhyavata, yaani upepo wa wenye nacho. Sisi tunasema ugonjwa wa matajiri. Watu wameona kitu kile kile bila darubini.

Na Sushruta, mkongwe wao mwingine, anasema ugonjwa huanzia miguuni, mara nyingine mikononi, kisha hutambaa mwilini kama sumu ya panya. Hapo nilimkumbuka bibi yangu, maana kwetu panya hung'ata na kupuliza. Unaumwa, unapulizwa, unalala. Ukiamka nyama haipo.

Naendelea sehemu ya pili, msinikatishe.

Kigingi:

Mkuu shusha vitu. Nipo kwenye dole la tatu hapa.

Bint Pangani:

Kaka, kabla hujaendelea, mume wangu amekatazwa maharage, choroko, mbaazi, kila kitu. Nyumbani tunakula mchicha na hasira. Ni kweli?

Mtu wa Ziwa:

Dada Bint Pangani, swali lako zuri, nalijibu hapa hapa kwa sababu lilinishangaza mimi pia.

Charaka anakataza baadhi tu ya kunde: kulthi, ile ambayo Wazungu huiita kunde ya farasi, na choroko nyeusi. Lakini choroko za kijani, dengu, adesi na mbaazi anaziruhusu kama supu, tena ndizo chakula cha mgonjwa, pamoja na ngano, shayiri na mchele wa zamani. Na utafiti mkubwa wa Marekani uliotoka 2004 uliwafuatilia wanaume 47,150 kwa miaka 12. Wapya waliopata gauti walikuwa 730. Waliokula nyama nyingi na vya baharini walipata zaidi, wanaotumia maziwa wakapata kidogo, na mboga na kunde zenye purini nyingi hazikuongeza hatari. Purini ndiyo ile inayovunjwa mwilini ikawa asidi ya yuriki. Kwa hiyo mpikie mzee mbaazi za nazi, ondoa maini, figo na dagaa. Ila kama figo zake zimedhoofika, hiyo ni habari nyingine, aulize daktari wake.

Wanapopishana ni kwenye mtindi. Charaka anaukataza, wa leo wanasema maziwa na mtindi usio na mafuta vinasaidia. Maziwa yenyewe Charaka anayasifu, hata yaliyochanganywa na mafuta ya nyonyo kwa kufungua choo. Mimi mtindi nakunywa. Sikuona sababu ya kumtii mkongwe hadi kwenye jagi.

SEHEMU YA PILI: NILICHOPEWA

Tiba yenyewe ina hatua. Ugonjwa wameugawa: uttana, ulio juu kwenye ngozi na nyama, na gambhira, uliozama ndani. Wa juu hupakwa na kukandwa, wa ndani husafishwa tumbo na kuharishwa, tena Charaka anasema hakuna kinachoshinda bomba la dawa kwa njia ya haja kubwa. Hilo nililikataa kwa heshima zote. Mzee wangu wa Mwanza alicheka hadi akakohoa.

Dawa ya mimea inayosifiwa kuliko zote ni guduchi, mmea unaotambaa, kwa Kihindi giloy. Jina lake lingine ni amrita, kinywaji cha kutokufa. Kuna vidonge vya kaishora guggulu, ambavyo ni utomvu wa mti wa guggul pamoja na guduchi na triphala. Triphala ni matunda matatu yaliyokaushwa na kusagwa. Na kuna mafuta ya kupaka yenye nta ya nyuki, pinda taila, yana rangi nyekundu na harufu ya sanduku la bibi.

Lakini jambo ambalo sitalisahau kwa yule vaidya ni hili: hakunipa chochote cha kumeza siku ile. Alinipa mafuta ya kupaka, akaandika karatasi ya maabara. Asidi ya yuriki, kreatinini ya figo, ini, sukari. Akasema, kupitia mzee, "Vatarakta ya kitabuni ni pana kuliko gauti. Kuna watu wenye ganzi, weusi wa ngozi, kuwasha na kutokwa jasho kupita kiasi, na wote wameandikwa humo humo. Nisipopima nitakutibu ugonjwa wa jirani yako."

Majibu ya asidi ya yuriki yakaja 561 kwa mikromoli. Akasema nirudi kupima baada ya wiki kadhaa mguu ukishapoa, kwa sababu wakati wa shambulio kipimo kinaweza hata kushuka kikakudanganya. Halafu akanituma ghorofa ya pili kwa daktari wa hospitali nikapewe kolkisini, dawa ya kuzima shambulio la gauti. Vaidya, jamani, ndiye aliyenituma.

Dk wa Zamu:

Mleta uzi unaandika vizuri, niongeze kidogo upande wangu. Chumvi ya asidi ya yuriki huanza kuganda kuwa chembe mfano wa sindano inapopita kama 408 kwa mikromoli, yaani 6.8 kwa vipimo vya miligramu. Chembe hizo zikikaa kwenye kiungo cha baridi kama dole la mguu, siku kinga ya mwili ikizishtukia ndiyo moto unawaka. Lengo la matibabu ni kushuka chini ya 360 na kubaki hapo, chembe ziyeyuke polepole. Dawa za maumivu haziyeyushi chembe. Zinazima moto tu, kuni bado zipo.

Na wengi wenye gauti tatizo si kwamba wanatengeneza asidi nyingi, ni figo kutoitoa vya kutosha. Karibu theluthi mbili hutoka kwa figo, iliyobaki kwa utumbo. Ndiyo maana mtu anaacha nyama kabisa, anakonda, na kipimo kinashuka kidogo tu. Wapo pia wanaotumia dawa za presha za kukojoza, zile zinapandisha. Usiziache mwenyewe, mwambie aliyekuandikia abadilishe.

Tahadhari moja: kiungo kimevimba, kina moto, na una homa ya kutetemeka, usijitibu gauti nyumbani. Inaweza kuwa usaha ndani ya kiungo, na huo unaharibu ndani ya siku chache.

Mwana wa Muttrah:

Salamu kutoka Muscat. Mbona hujataja kupiga chuku? Huku kila nikibanwa naenda hijama, damu nyeusi inatoka, napata nafuu.

Mtu wa Ziwa:

Ahsante daktari.

Mwana wa Muttrah, nimo humo. Charaka naye anatoa damu: kwa ruba, kwa pembe, kwa sindano, kwa kibuyu, kila kimoja na aina yake ya maumivu. Pembe ndiyo chuku yetu ya kuumikia, wazee wa pwani wanajua. Sasa, kwa Kiswahili kupiga chuku kuna maana mbili, na kwenye gauti naziona zote mbili kwa pamoja. Shambulio la gauti huisha lenyewe ndani ya wiki moja au mbili hata ukilala tu. Ukiumikwa siku ya tano, siku ya nane unacheza ngoma, chuku inapewa sifa. Chembe ziko pale pale. Na kuchanja ngozi juu ya kiungo kilichovimba ni kukaribisha wadudu ndani, soma tena alichoandika daktari hapo juu. Kama unaipenda, mgongoni basi, mguu uache.

SEHEMU YA TATU: PAKITI

Nilirudi nyumbani nikiwa mzima. Niliagizwa nianze alopurinoli, kidonge cha kushusha asidi ya yuriki, miligramu 100, nipimwe, ipandishwe taratibu. Sikuanza. Nilijiambia nitatumia guduchi, ni ya asili, haina kemikali. (Maji nayo ni kemikali, lakini mtu mwenye hofu ya kidonge hasikii hayo.) Guduchi niliyobeba ikaisha. 2020 nikahamia Dar kikazi, nikaelekezwa duka moja la "dawa za Kihindi". Silitaji. Muuzaji hakuuliza kitu. Akatoa pakiti ya plastiki nyeupe iliyobanwa kwa moto, unga wa kahawia, haina jina, haina tarehe, haina hata picha ya mguu. Kijiko kimoja asubuhi, kimoja jioni. Shilingi elfu arobaini.

Wakuu, ile dawa ilifanya kazi! Siku ya pili maumivu hayapo. Siku ya kumi nilikuwa napanda ngazi mbili mbili. Nikawapigia simu ndugu watatu wenye jongo, nikawaambia nimepata mwarobaini wa kweli.

Mwezi wa tatu mke wangu akaniambia, "Baba Neema, mbona uso wako umekuwa mviringo?" Nikasema ni afya. Kola za mashati zikabana. Usiku naamka kukojoa mara nne. Nikapima sukari, 13. Sikuwahi kuwa na sukari. Daktari akanitazama uso, akauliza swali moja tu: "Unatumia dawa gani ya mitishamba ya viungo?" Kabla sijajibu akasema, "Leta pakiti."

Akaninusisha somo. Unga wa viungo unaofanya kazi ndani ya siku moja unatiliwa shaka kuchanganywa steroidi, kama deksamethasoni au prednisoloni, na mara nyingine diklofenaki ya kusagwa. Wanazitia kwa sababu zinazima moto wowote. Uso unavimba, sukari inapanda, mifupa inadhoofika, na ukiacha ghafla baada ya muda mrefu unaweza kuanguka, kwa sababu tezi za mwili zimelala. Kwa hiyo hakuniambia niutupe. Alinipunguzia kwa vidonge vya kipimo kinachojulikana, wiki baada ya wiki. Pakiti yangu haikupimwa maabara, kwa hiyo siwezi kuapa ilikuwa na nini. Uso wangu ulirudi, sukari ikarudi, hayo ndiyo ninayoweza kuapia. Wale ndugu watatu niliwapigia tena, simu hiyo ilikuwa ndefu kuliko ya kwanza.

La pili ni madini. Ndani ya Ayurveda kuna tawi la rasa shastra, ambalo huchanganya madini kwa makusudi, zebaki, risasi, arseniki, baada ya kuyachoma na kuyasaga mara nyingi. Wao wanasema yamesafishwa. Watafiti wa Marekani mwaka 2008 walitoa matokeo ya dawa 193 za Ayurveda zilizonunuliwa mtandaoni: karibu moja kati ya tano ilikuwa na risasi, zebaki au arseniki. Za rasa shastra zilifika kama mbili kati ya tano. Na kinachoniuma zaidi ni hiki: risasi ikikaa mwilini huidhuru figo, figo zikashindwa kutoa asidi ya yuriki, ukapata gauti. Unaweza kumeza dawa ya jongo ikakuletea jongo.

Hata guduchi yenyewe si maji. Mwaka 2021 madaktari wa ini Mumbai waliripoti wagonjwa kadhaa walioumia ini baada ya kuitumia mfululizo wakati wa korona. Wizara ya AYUSH ilipinga ripoti hiyo. Mimi nimeshaacha, na kama ningeirudia ningepima ini kwanza.

Kigingi:

Kwa hiyo jibu ni alopurinoli tu, Ayurveda tuitupe?

Mtu wa Ziwa:

Kigingi, hapana. Mimi leo naishi nusu Kicharaka. Silali mchana, hata Jumapili. Nakula usiku mapema. Bia ilikwenda zake, juisi za chupa zilifuata, na hizo za chupa ndizo zilizoniuma kuziacha kuliko bia. Manjano na tangawizi viko kwenye chungu kama vilivyokuwa kwa mama, sivihesabu kama dawa. Mafuta mekundu nayapaka mguu ukiwa mzima, nayapenda harufu. Maji nakunywa hadi mkojo uwe mweupe. Yule vaidya aliniuliza mambo mengi kuhusu maisha yangu kuliko daktari yeyote kabla yake, na nusu ya aliyoniuliza yalikuwa ndiyo yenyewe.

Ila chembe kwenye kiungo haziyeyushwi na kulala mapema. Nilianza alopurinoli 2021, miligramu 100, nikapandishwa hadi 300, na miezi ya kwanza nikawa na kolkisini kidogo kila siku ya kuzuia mashambulio, kwa sababu chembe zikianza kuyeyuka mguu unaweza kuwaka tena. Hapo ndipo wengi huikimbia dawa wakisema imewazidishia. Nilishambuliwa mara mbili miezi ile. Sikuacha. Kipimo cha mwisho 318.

Dk wa Zamu:

Sawasawa. Niongeze: ukianza alopurinoli ukaona vipele, homa au vidonda mdomoni, acha siku hiyo hiyo uende hospitali. Ni nadra, lakini ikitokea ni hatari, na hutokea zaidi miezi ya mwanzo.

Bint Pangani:

Kaka nimepika mbaazi leo. Ameuliza nani kanipa ruhusa, nimemwonyesha uzi. Sasa anauliza, harusi ya Jumamosi, pilau ya mbuzi?

Mtu wa Ziwa:

Shemeji mwambie ale pilau, nyama vipande viwili, supu ya utumbo aiache kwa wajomba. Maji chupa kubwa mezani kwake. Na akapime kabla hajanunua chochote kwenye pakiti nyeupe.

Kigingi:

Mkuu, lile duka liko mtaa gani? Nauliza tu.

Mtu wa Ziwa:

Kigingi, nenda maabara.